Kompyuta ya Mwanafunzi: Nunua Kwanza Kile Kisichobadilika

Leo nazungumza na kijana aliyepata nafasi ya chuo kikuu, na mzazi wake naye asogee karibu na redio, kwa sababu fedha ninayotaka kuisemea ni ya wote wawili. Ni fedha ya kompyuta.

Mwanafunzi wa Tanzania mwenye mkopo kamili wa Serikali amewekewa shilingi 10,000 kwa siku za chakula na malazi. Tuchukulie kompyuta ya shilingi laki sita. Hizo ni siku 60 za kula na kulala, zimegeuzwa kuwa chuma, plastiki na kioo. Kwa hiyo naumia nikimwona kijana anatoka dukani na mashine aliyoichagua kwa rangi yake, kwa wembamba wake, au kwa kibandiko kilichowekwa pembeni ya kibodi. Wala simlaumu. Hakuna aliyemkalisha chini akamweleza. Tukae basi, tuelezane.

Neno la kwanza nalisema wazi: kwa fedha ya kiasi hicho, usiogope mtumba. Mzazi hapo anaguna, najua. Anataka mwanawe aende chuo na kitu kipya, na ni haki yake kutaka hivyo. Lakini hebu tuangalie kilichomo ndani ya hizo mpya za bei ya chini kabisa. Nyingi zina prosesa ya Celeron, mfano Celeron N4020, yenye viini viwili tu vya kuchakata. RAM yake, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni GB 4. Hifadhi yake ni eMMC ya GB 64, aina ileile ya hifadhi inayowekwa kwenye simu za bei nafuu. Sasa, Microsoft wenyewe wanataja GB 64 kuwa kiwango cha chini kabisa cha kuweka Windows 11. Umenunua mashine iliyokwisha kufika ukingoni kabla hujaandika ukurasa wa kwanza wa kazi yako. Sasisho likija, halina pa kukaa. Fungua Word, fungua kivinjari chenye kurasa tano, fungua na PDF ya mhadhiri, mashine inaganda. Na kibaya zaidi, katika nyingi ya mashine hizo RAM na hifadhi vyote vimelehemiwa kwenye madabodi. Ukimpelekea fundi akuongezee nguvu, atakutazama tu, kwa sababu hakuna cha kuchomoa wala pa kuchomeka.

Upande wa pili kuna zile kompyuta zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi. Kampuni za Ulaya na Marekani huzikodi au kuzinunua kwa wingi, zikafanya kazi miaka mitatu au minne, kisha zikabadilishwa zote kwa mpigo, hata zilizo nzima. Nyingi hupitia Dubai, zikatufikia Kariakoo, zikafika Moi Avenue kule Nairobi. Nitaje tatu za mwaka 2018 ambazo madukani ni za kawaida: Lenovo ThinkPad T480, Dell Latitude 5490 na HP EliteBook 840 G5. Si nyembamba wala hazina madaha. Lakini zilitengenezwa zifunguliwe na kutengenezwa: kifuniko cha chini kinatoka kwa skrubu, RAM inachomoka, hifadhi inachomoka, betri inabadilishika, na watengenezaji wametoa hadharani vitabu vya ufundi vinavyoonyesha kila skrubu iko wapi. Fundi wa mtaani kwako anazijua.

Hapo ndipo penye hoja yangu ya leo. Fedha ya mwanafunzi haiji kwa mkupuo. Inakuja kwa mafungu: boom la mkopo la muhula huu, boom la muhula ujao, kidogo kutoka kwa shangazi, kidogo kutoka kwenye kibarua cha likizo. Watu wetu wengi hujenga nyumba kwa namna hiyohiyo, mwaka huu msingi, mwaka kesho boma, bati linasubiri mavuno. Hakuna anayeanza na mapazia. Kwa hiyo, unaposimama mbele ya muuzaji, swali la kujiuliza ni hili: katika mashine hii, ni kipi nitaweza kukibadilisha baadaye, na ni kipi nitaishi nacho mpaka nihitimu? Laki yako ya kwanza iende kwenye kile utakachoishi nacho.

Utakachoishi nacho, kikubwa kuliko vyote, ni prosesa. Katika kompyuta hizi imelehemiwa, haibadilishwi. Na ni hapohapo vijana wetu wanapopotezewa fedha zaidi.

Sikiliza mazungumzo ya dukani. Muuzaji anasema, "Dogo, chukua hii, ni i7 hii, siyo i5." Kijana anaona saba ni kubwa kuliko tano, anaongeza laki, anaondoka na furaha. Angepaswa kusema hivi: "Kaka, naomba nione namba yote ya prosesa." Kwa sababu neno i7 peke yake halikwambii kitu. Linalokwambia ni tarakimu zinazofuata. Core i7-4600U: tarakimu ya kwanza ni 4, yaani kizazi cha nne, prosesa ya mwaka 2013. Core i5-8250U: tarakimu ya kwanza ni 8, kizazi cha nane, mwaka 2017. Namba ikianza na 1, soma tarakimu mbili: 10210U ni kizazi cha kumi, 1135G7 ni cha kumi na moja, 1235U ni cha kumi na mbili.

Sasa shika jambo moja ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Katika prosesa hizi za kutumia umeme kidogo, zenye herufi U mwishoni, Intel kwa miaka mingi waliweka viini viwili tu, iwe i5 au i7. i7-4600U ina viini viwili. Hata i7-7500U ya mwaka 2016 ina viini viwili. Ulipofika mwaka 2017, kizazi cha nane, wakaruka kwenda vinne. Kwa hiyo i5-8250U ina viini vinne, mara mbili ya ile i7 iliyoitangulia mwaka mmoja tu. Kijana aliyelipa laki zaidi kwa ajili ya ile saba amelipia nusu ya viini. Nikipewa nafasi ya kubandika karatasi moja kwenye mlango wa kila duka la kompyuta, ningeandika hilo.

Kuna sababu ya pili ya kusimama kwenye kizazi cha nane. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walifunga msaada wa kawaida wa Windows 10, na masasisho ya bure ya usalama ya kila mwezi yakakoma. Windows 11, kwa upande wa Intel, inakubaliwa rasmi kwa kawaida kuanzia kizazi cha nane. Kwa AMD, kwenye kompyuta za kubeba, anzia Ryzen za mfululizo wa 3000. Utakutana na mashine ya kizazi cha nne au cha sita ambayo muuzaji ameishindilia Windows 11 kwa njia za panya. Inawaka, inapendeza, lakini Microsoft hawakuahidi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho. Kama fedha inakomea hapo kabisa, chukua ya kizazi cha sita, mwambie fundi akuwekee Linux Mint badala ya Windows, na LibreOffice badala ya Word, vyote ni vya bure, na kazi za kuandika na kusoma utazifanya vizuri. Nalisema hilo kwa moyo mweupe. Usikubali tu kuuziwa ya kizazi cha sita kwa bei ya kizazi cha nane.

Kuhakikisha si kazi. Mashine ikiwa imewaka na Windows, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Dirisha litafunguka, nenda kwenye sehemu ya utendaji, yenye michoro inayopanda na kushuka. Hapo utaona jina kamili la prosesa na idadi ya viini vyake. Bonyeza sehemu ya kumbukumbu, utaona kiasi cha RAM na, chini yake, sloti ngapi za kuichomekea zinatumika kati ya ngapi. Kumbuka huo mstari wa sloti, narudi kwake sasa hivi.

RAM. Kwa mwanafunzi wa leo GB 8 ndiyo pa kuanzia, na GB 16 ni raha. Lakini kabla ya kuuliza kiasi, uliza nafasi. ThinkPad T480 ina sloti mbili. Ndugu yake mwembamba, T480s, tofauti ni herufi moja tu kwenye jina, ina sloti moja na RAM nyingine imelehemiwa. ThinkPad X1 Carbon imelehemiwa yote. MacBook Air ya M1, mashine nzuri sana na betri yake inadumu, nayo RAM uliyonunua nayo ndiyo utakayozikwa nayo. Mashine yenye GB 8 kwenye sloti moja, na sloti ya pili tupu, ni bora kwako kuliko yenye GB 4 mbili zilizojaza sloti zote, kwa sababu siku ukipata fedha utaongeza bila kutupa ulichonacho.

Ila kuna mabadiliko lazima niyaseme. Zamani ningekwambia nunua na GB 8, ya pili utaongeza muhula ujao kwa fedha kidogo. Tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya RAM imepanda duniani kote, kwa sababu viwanda vikubwa vinaelekeza uzalishaji wake kwenye seva za akili mnemba, zinazolipa zaidi. Micron, mmoja wa watengenezaji wakubwa watatu, alitangaza Desemba 2025 kuachana na Crucial, jina alilolitumia kuwauzia watu wa kawaida kama mimi na wewe RAM na SSD, ile hifadhi isiyo na kitu kinachozunguka. Kwa hiyo ukikuta dukani mashine mbili zinazofanana, moja ya GB 8 na nyingine ya GB 16, na tofauti ya bei ni ndogo, chukua ya 16 leo. Na kama utaongeza baadaye, tafuta RAM ya mtumba kwa fundi anayebomoa mashine zilizokufa. RAM haina kitu kinachozunguka wala haichakai haraka, ikipita majaribio imepita. Angalia tu aina yake: mashine tatu nilizozitaja zinatumia DDR4, na DDR3 haiingii hata ukiilazimisha.

Kwa hifadhi nageuza ushauri. Hifadhi ya mtumba sikushauri ununue kwa kubahatisha, maana SSD huchakaa kwa kuandikwa, na diski ya kuzunguka huchakaa kwa kila kitu. Kama mashine unayoitaka imekuja na diski ya kuzunguka, usiikatae kwa sababu hiyo. Punguza bei, kisha nunua SSD mpya ya GB 256. Hakuna shilingi utakayoitumia kwenye kompyuta ya zamani ikakufurahisha kama hiyo. Diski ya kuzunguka ina mkono unaosogea kutafuta data, na kila safari ya mkono huo inakula milisekunde kumi au zaidi. Windows ikiwaka inaomba safari hizo kwa maelfu. SSD haina mkono, inajibu chini ya milisekunde moja. Mashine iliyokuwa inakufanya uende kuchota maji ikiwa inawaka, itakuwa tayari kabla hujaketi vizuri.

Muuzaji atakuuliza, unataka SSD ya SATA au ya NVMe? SATA inasoma takriban MB 550 kwa sekunde, NVMe ya kawaida inapita MB 3,000. Kwenye karatasi ni tofauti kubwa mno. Kwenye kuandika ripoti na kusoma PDF hutaihisi. Chukua ile inayoingia kwenye mashine yako kwa bei nafuu, lakini hakikisha kweli inaingia, maana zile ndogo zenye umbo la ubao mwembamba, ziwe SATA au NVMe, zinafanana kwa macho na si kila mashine inakubali zote mbili.

Kioo sasa, na hapa natamani nikushike mkono. Utasoma kwenye kioo hicho miaka mitatu, minne, mitano. Usiku, kwenye mwanga hafifu, umekaa kitandani hosteli. Maofisi mengi yalipokuwa yakiagiza kompyuta hizi yalibana matumizi kwenye kioo, kwa hiyo utakuta T480 mbili zimepangwa pamoja, kwa nje ni mapacha, moja ina kioo cha pikseli 1366 kwa 768 cha aina ya TN, nyingine ina 1920 kwa 1080 cha IPS. Fungua ukurasa mweupe wenye maandishi. Inamia kushoto, inamia kulia, simama uangalie kwa juu. Cha TN kinabadilika rangi na kufifia, cha IPS kinabaki vilevile. Kwenye cha 1080 utaweka maandishi ya kazi yako upande mmoja na PDF upande wa pili, vyote vikasomeka. Kioo kinaweza kubadilishwa, ndiyo, lakini gharama yake itakuuma. Mimi ningeongeza fedha kwenye kioo kabla sijaongeza kwenye i7.

Betri naipitia haraka, kwa sababu betri ni kitu cha kubadilika. Lakini upime, ili ujue cha kupunguza kwenye bei. Fungua dirisha la amri, andika powercfg, acha nafasi, weka mkwaju, andika batteryreport, bonyeza Enter. Itakutengenezea ripoti na kukuonyesha ilipoihifadhi. Ndani yake kuna namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake leo inapojaa. Ya leo ikiwa chini ya nusu, betri hiyo inakaribia kwisha, mwonyeshe muuzaji mzungumze. T480 ina faida yake hapa: ina betri mbili, moja ndani na moja ya nje unayoichomoa kwa mkono. Kwa anayeishi mahali umeme unakatika mara kwa mara, hilo si jambo dogo. Na ukiona sehemu ya kuelekezea mshale imeinuka, au kifuniko cha chini hakikai sawa mezani, betri imevimba. Mashine hiyo usiichukue, na mwambie muuzaji asiendelee kuichaji.

Je, kozi yako inabadilisha hesabu? Kwa wengi hapana. Sheria, ualimu, uhasibu, sosholojia, hata wale wa takwimu wanaotumia SPSS au R kwa data za kawaida, yote niliyosema yanawatosha. Anayesoma udaktari naye apiganie kioo kizuri, maana picha za mwili wa binadamu zitakuwa chakula chake. Anayeandika programu za simu kwa Android Studio asiende chini ya GB 8, na kwa kweli bila 16 atateseka. Anayekwenda kusoma usanifu majengo, tuseme Chuo Kikuu Ardhi, huyo mambo yake ni mengine: Revit na picha za pande tatu zinataka RAM ya GB 16 kwa kuanzia na kadi ya michoro ya peke yake. Lakini hata huyo namwambia, mwaka wa kwanza kuna kuchora kwingi kwa mkono. Uliza wanaokutangulia mwaka wa pili wanatumia nini kabla hujauza ng'ombe wa baba. Waliobaki wote, kadi ya michoro inawaongezea bei, joto na uzito tu.

La mwisho kabla muziki haujaingia, ni kufuli. Mashine hizi zilikuwa za maofisi, na baadhi zinakuja zikiwa bado zimefungwa na wenyewe. Wakati inawaka bonyeza F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP, uingie kwenye BIOS, mipangilio ya ndani ya mashine. Ikidai nenosiri na muuzaji hana, iache hapohapo mezani. Kisha omba Windows irejeshwe upya kama ilivyotoka kiwandani, mbele yako, ikiwa imeunganishwa na intaneti. Kama bado iko kwenye orodha ya kampuni fulani, ukifika hatua ya kuiandikisha itakutolea jina la kampuni hiyo na kudai barua pepe ya kazini kwao. Bila intaneti kufuli hiyo haijitokezi, unakuja kuikuta hosteli. Ikipita salama, jaribu kila kitufe cha kibodi, chomeka flashi kwenye kila tundu, fungua na kufunga kioo uone bawaba zinashika, kisha andikiwa risiti yenye namba ya mashine na siku za waranti. Kazi yote hiyo itakula kama saa moja, na sehemu kubwa ni kusubiri Windows. Muuzaji akisema hana muda huo, duka la jirani liko wazi.